Igeuze Kwanza: Mwongozo wa Redio ya Mbao ya Lampu kwa Mtu wa Gisenyi

Ukiletewa redio ya mbao ya miaka ya 1950, imepakwa vanishi hadi unajiona usoni mwake, usiisifu bado. Igeuze. Omba bisibisi, fungua kibao cha nyuma, umulike ndani kwa tochi ya simu. Uso wa redio ni kazi ya seremala. Mgongo ndio utakaokwambia kama fundi redio amewahi kupita humo. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Redio nyingi zinazouzwa kwa sifa ya "imetengenezwa upya" ni mkakasi wa namna hiyo: nje zinameremeta, ndani waya zake za mpira zinameguka kama biskuti na zinangoja siku ya kwanza ya umeme ili ziungue.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyerithi redio kama hiyo, uliyeiona kwa mchuuzi, au mwenye nyumba ya wageni unayetaka kuiweka sebuleni watalii waitazame. Utakuonyesha namna ya kununua bila kudanganyika, namna ya kuitengeneza au kumsimamia anayeitengeneza, na namna ya kuishi nayo hapa kando ya Ziwa Kivu, penye unyevu, radi na ardhi isiyotulia.

Ni redio gani hasa?

Hapa kwetu tunasema redio ya lampu, kwa kufuata Kifaransa. Fundi wa Mombasa au Dar es Salaam atakwambia redio ya vali. Ni kitu kimoja. Ni zile chupa za kioo zilizonyonywa hewa, zilizofanya kazi ya transista kabla transista haijaenea. Transista ilibuniwa Marekani mwaka 1947, na redio ya mfukoni ya kwanza kuitumia, Regency TR-1, ikaingia madukani mwaka 1954. Kuanzia hapo siku za redio ya lampu zilikuwa za kuhesabu.

Redio ya mbao kwa kawaida ilitaka umeme wa ukutani, kwa hiyo ilikaa katika nyumba chache: za maofisa wa Kibelgiji, misheni, hoteli, na wafanyabiashara waliojiweza. Msikilizaji wa kawaida wa Kiafrika aliyepata redio ya lampu wakati huo alipata ya namna nyingine kabisa. Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, mwaka 1949 ilianza kuuza redio ya betri iliyoundwa na kampuni ya Ever Ready kwa pauni 5. Ilikuwa ya alumini, ya mviringo, na kwa umbo lake watu wakaiita sufuria. Kwa hiyo ukishika ya mbao, ujue umeshika kitu cha sebule za wachache.

Jambo lingine la kujua ni kwamba redio hizi ziliundwa kusikiliza mbali. Radio Rwanda ilianza mwaka 1961, na uhuru ukaja tarehe 1 Julai 1962. Kabla ya hapo mtu wa Gisenyi alitega sikio kwa Radio Congo Belge ya Léopoldville, iliyoanza mwaka 1940, au Brussels, au London, ambako Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilifungua maikrofoni tarehe 27 Juni 1939. Ndiyo maana redio za kuuzwa Afrika zilijaa bendi za mawimbi mafupi, na kioo chake cha mbele kiliandikwa majina ya miji kama ramani.

Soma herufi za lampu

Kila lampu ya Ulaya ina namba juu ya kioo chake, na herufi ya kwanza ni muhimu kuliko bei utakayotajiwa.

Ikiwa ni E, kama ECH81, EBF89, EL84 na EZ80, utambi wa lampu unatumia volti 6.3. Kwa kawaida redio hiyo ina transfoma nzito ya umeme inayoitenga na waya za ukutani. Hiyo ndiyo redio ya kununua kama wewe ni mgeni wa mambo haya.

Ikiwa ni U, kama UCH81, UL41 au UY85, tambi zote zimeunganishwa kwa mfululizo na zinapitisha miliampea 100. Mara nyingi redio hizo hazina transfoma ya umeme. Chasisi yake, yaani lile bati linalobeba vyombo vyote, imeunganishwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Sasa tazama soketi zetu za Rwanda: plagi ya miguu miwili inaingia upande wowote. Ukiichomeka upande mmoja, chasisi iko salama kidogo. Ukiigeuza, chasisi nzima ina volti 230. Kitufe cha sauti kikiwa kimeng'oka na mhimili wake wa chuma umebaki wazi, mtoto akiugusa amegusa umeme wa ukutani. Redio ya namna hii ni ya fundi mwenye transfoma ya kutenganisha, wala si ya kujifunzia.

Ikiwa ni D, kama DK96 au DL96, hiyo ni redio ya betri: tambi zake zinataka volti 1.4 tu. Usiichomeke popote kabla fundi hajaitazama.

Philips, chapa inayojulikana sana huku, ilirahisisha mambo. Tazama herufi ya mwisho ya jina la modeli lililoandikwa nyuma. A ni ya umeme wa ukutani yenye transfoma, U ni ile ya chasisi yenye umeme, B ni ya betri.

Ukaguzi wa dakika kumi kabla ya kulipa

Muuzaji atataka kuichomeka ili usikie "inavyolia". Mkatalie kwa upole. Redio iliyolala miaka thelathini ikipewa umeme wote kwa mara moja inaweza kupoteza transfoma yake kwa dakika chache, na transfoma hiyo haiuzwi dukani. Badala yake fanya haya.

1. Inuse. Harufu ya lami iliyoungua ni habari mbaya: transfoma imepata joto kupita kiasi. Tazama kama kuna matone meusi yaliyoganda chini yake.

2. Hesabu lampu. Kila kikalio kiwe na lampu yake. Kisha chunguza kioo cha kila moja: mahali fulani, aghalabu kileleni, pana doa la fedha linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Doa likiwa la fedha, hewa haijaingia. Likiwa jeupe kama maziwa, lampu imekufa.

3. Pima transfoma kwa mita. Kati ya miguu miwili ya plagi, swichi ikiwa imewashwa na plagi ikiwa mkononi mwako, wala si ukutani, redio yenye transfoma isome makumi ya omu. Isiposoma kitu, kuna waya uliokatika; ikisoma karibu na sifuri, kuna shoti.

4. Pinda waya wa umeme kidogo. Ganda likipasuka, waya huo ni wa kutupa. Hilo lisikutishe, ila lipunguze bei.

5. Tafuta wapangaji. Panya hupenda waya laini, mende hupenda joto, na mjusi hutaga mayai yake meupe nyuma ya spika. Mkojo wa panya juu ya chasisi huleta kutu ambayo haiishii juu juu.

6. Gonga mbao. Unga mpya unaodondoka kwenye vitundu vidogo ni kazi ya bungua, na bungua bado yumo.

7. Kagua kioo cha majina. Kikiwa kimevunjika, bei ishuke sana. Lampu utapata, kapasita utapata, kioo hicho hutapata.

Mwisho kabisa, uliza historia yake, lakini uliza kwa adabu. Wauzaji wanajua hadithi hupandisha bei. Ila katika nchi hii redio haikubeba muziki peke yake. Stesheni ya RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, na iliposhindwa kukaa Kigali mwezi Julai mwaka huo ilihamia hapa hapa Gisenyi kwa siku zake za mwisho. Mzee anayekuuzia redio ya baba yake huenda hataki kuulizwa ilisema nini. Muulize ilinunuliwa wapi na ilizimika lini. Mengine atayasema akitaka.

Kanuni tatu za kutokufa

Ndani ya redio ya lampu kuna umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 250 hivi, na haukuhurumii kwa kuwa redio ni ya zamani.

Kanuni ya kwanza: kuzima swichi si kuzima redio. Chomoa plagi, uiweke mezani mbele yako uione. Kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya hapo. Iondolee chaji kupitia rezista ya kiloomu 10 yenye vishikio vilivyofunikwa, kisha hakikisha kwa mita kwamba hakuna zaidi ya volti chache. Usitumie bisibisi kupiga shoti. Utaharibu kapasita na utajitia upofu wa cheche.

Kanuni ya pili: ukipima redio ikiwa imewaka, mkono mmoja uwe mfukoni, na miguu iwe ndani ya viatu vyenye soli ya mpira. Sakafu ya saruji ya nyumba zetu, hasa msimu wa mvua, inapitisha umeme vizuri.

Kanuni ya tatu: ukikuta karatasi ngumu ya kijivu iliyobandikwa kukinga mbao na joto la lampu, iache. Katika redio za enzi hiyo yaweza kuwa asibesto. Usiikwangue, usiipige msasa, usiipulizie hewa.

Kabla ya umeme: badilisha vitatu

Ugonjwa mkuu wa redio hizi hauko kwenye lampu. Lampu huvumilia. Kinachooza ni kapasita, zile ndogo zilizoviringishwa kwa karatasi na kuzamishwa kwenye nta, na zile kubwa za kopo la alumini zinazolainisha umeme.

Ya kwanza kubadilisha ni kapasita moja ndogo inayopeleka sauti kwenye lampu ya mwisho, ile EL84 au nduguye. Upande mmoja ina volti nyingi, upande wa pili inatakiwa isiwe na kitu. Ikianza kuvuja, gridi ya EL84 hupata volti isiyostahili, lampu inavuta mkondo kupita kiasi, inawaka nyekundu, na inaua transfoma ya spika. Kipande kimoja cha bei ya soda kinaangusha redio nzima. Mara nyingi thamani yake ni mikrofaradi 0.01, weka mpya ya plastiki ya volti 630.

Ya pili ni kapasita kubwa za kulainisha umeme. Usidhani kubwa zaidi ni bora zaidi. Lampu ya kunyoosha umeme kama EZ80 haikuundwa kubeba zaidi ya mikrofaradi 50. Ukiweka 220 kwa kuwa ndiyo uliyoikuta dukani, utaiua. Kaa karibu na thamani iliyoandikwa kwenye kopo la zamani. Kopo lenyewe liache mahali pake, lakini likate waya zake, na ufiche mpya chini ya chasisi.

Ya tatu ni kapasita yoyote iliyounganishwa kwenye waya za ukutani. Iliyo kati ya waya mbili za ukutani iwe ile iliyoandikwa X2, na iliyo kati ya waya wa ukutani na chasisi au antena iwe ile iliyoandikwa Y2; ziliundwa kwa kazi hiyo, hazishiki moto kwa urahisi.

Vipande utavipata wapi? Za kulainisha umeme nunua mpya, Kigali au kwa wauza vifaa vya elektroniki. Za plastiki mwombe fundi runinga akuruhusu upekue lundo lake: runinga za zamani za kioo kikubwa zimejaa kapasita nzuri za volti 400 na 630, ambazo hazizeeki haraka. Lampu za EL84 bado zinatengenezwa duniani kwa ajili ya vikuza sauti vya magitaa. ECH81 na lampu za jicho la kijani ni za akiba ya zamani tu, kwa hiyo redio mbovu ya bei ya kutupa yenye lampu nzima usiipite.

Na jambo moja la kutofanya: usizungushe zile skrubu ndogo zilizo juu ya makopo ya koili. Zimefungwa kwa nta kwa sababu. Kila redio niliyoona ikiwa "bubu kidogo" baada ya kutengenezwa, mtu alikuwa amezizungusha kwa udadisi.

Kuiwasha mara ya kwanza

Tafuta kiteuzi cha volti nyuma ya redio. Huenda kimeandikwa 110, 127, 220, 245. Umeme wetu ni volti 230. Ukikikuta kwenye 127, shukuru Mungu hukuichomeka. Palipo na 240 au 245, chagua hiyo badala ya 220: lampu zitapumua vizuri, na siku umeme unapopanda usiku wa manane hazitaumia. Weka fyuzi ya nusu ampea, ya aina ya taratibu. Redio nyingi za zamani hazina fyuzi ya maana.

Kisha tengeneza kifaa cha bei ndogo kuliko vyote: balbu ya zamani ya utambi, ya wati 60, iliyoungwa kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa redio. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Hiyo balbu ndiyo askari wako. Redio ikiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote na redio itapona. Redio ikiwa nzima, balbu itamulika kidogo, itafifia, kisha itabaki na wekundu wa kaa.

Chomoa kwanza EZ80, uwashe. Tambi za lampu nyingine zianze kuona haya: rangi ya chungwa, pole pole, kama makaa yanayopulizwa. Zima, rudisha EZ80, washa tena. Ndani ya nusu dakika utasikia mvumo mdogo kwenye spika. Sasa ondoa balbu ya askari, uipe redio umeme kamili, na upime mguu wa 2 wa EL84 kulinganisha na chasisi. Mita isome sifuri. Ikisoma volti nzima au zaidi, zima mara moja. Kapasita uliyobadilisha siyo, au lampu ina kasoro.

Sauti ikikwaruza unapozungusha vitufe, safisha miguso ya swichi ya bendi kwa spiriti safi na brashi laini. Usimwagie mafuta ya bawaba. Mafuta yatalainisha leo, na kesho yatakusanya vumbi.

Kioo, uzi, kitambaa na mbao

Sasa ndipo uje usoni. Na hapa nina deni la kukuambia.

Redio yangu ya kwanza nilikifungua kioo chake cha majina nikakiosha. Kitambaa laini, maji ya vuguvugu, tone la sabuni. Upande wa mbele ulitakata. Nikakigeuza, nikapitisha kitambaa mara moja tu, nikakiinua. Kwenye kitambaa palikuwa na unga wa rangi ya dhahabu, na kwenye kioo, kati ya Nairobi na Bruxelles, palikuwa na pengo safi lisilo na hata alama. Nilikuwa nimeifuta Léopoldville.

Majina hayo yamechapwa nyuma ya kioo, na rangi ya umri huo imeshikilia kwa imani tu. Upande wa nyuma pangusa kwa brashi kavu ya nywele laini, usiguse herufi. Basi.

Uzi unaovuta mshale ukiwa umekatika, chora njia yake kwenye karatasi kabla hujaondoa hata kipande: unazunguka wapi, mara ngapi, kuelekea upande gani. Uzi mpya usiwe wa nailoni wa aina ya mshipi wa ndoana, unavutika na kuteleza. Nenda kwa wauza vifaa vya uvuvi, uombe uzi mwembamba uliosokotwa. Uzi huo unashika gurudumu la redio vizuri sana.

Kitambaa cha mbele ya spika kipulizie vumbi kutoka nyuma, usikifue. Tundu kwenye karatasi ya spika lizibe kwa kipande cha karatasi ya shashi na gundi ya maji iliyopunguzwa.

Mbao nayo ina siri yake: redio nyingi si mbao nzima. Ni mbao laminishi zilizofunikwa ganda la mti wa thamani, jembamba kuliko milimita moja. Msasa mkali kwenye ukingo unapita ganda hilo kwa misuguo mitatu, na kosa hilo halirudi nyuma. Ganda lililoinuka lirudishe kwa gundi ya mbao, karatasi ya nailoni juu yake, na uzito kwa usiku mzima. Kabla ya kuondoa vanishi ya zamani, jaribu kwa pamba yenye spiriti mahali pasipoonekana. Ikilainika, ni lakka ya asili, na huenda inahitaji tu kufufuliwa kwa spiriti hiyo hiyo na kitambaa. Isipolainika, ni vanishi ya kiwandani. Isugue kwa polishi laini kabla ya kuamua kuiondoa. Ukilazimika kupaka upya, paka matabaka mengi membamba. Vanishi nene ya milango hufanya redio ionekane kama jeneza jipya.

Bungua wamalizwe chasisi ikiwa nje: dawa ya mbao ndani ya kila kitundu kwa sindano, siku kadhaa ndani ya mfuko uliofungwa, kisha nta ya rangi inayofanana.

Kuishi nayo Gisenyi

Mji wetu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa linatupa hewa nzuri yenye unyevu. Dawa ya unyevu ni redio yenyewe: iwashe saa moja kila wiki, hasa miezi ya mvua. Joto la lampu litakausha chasisi kuliko kitu chochote utakachonunua. Iache sentimita kumi kutoka ukutani. Na hapa nawaomba akina mama wa sebule zetu wanisamehe: kitambaa cha kufuma na chombo cha maua visikae juu ya redio hii. Kitambaa kinaziba hewa, na maji ya maua yakimwagika yanaingia penye volti 250.

Usiiweke juu ya kabati refu. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ya wilaya yetu ya Rubavu na ya Goma, ng'ambo ya mpaka, ilitikisika siku nyingi na nyumba zikapasuka. Redio ya kilo kumi na tano haina mbawa. Meza fupi, pana, yenye ukingo, inatosha.

Milima ya Kivu ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi zaidi duniani. Ukiunganisha waya wa antena nje, uwe na mazoea ya kuuchomoa redioni kila wingu linapokusanyika, pamoja na plagi ya umeme. Waya wa mita kumi, ulioshikiliwa ncha zote na kitu kisichopitisha umeme, unatosha. Usipite juu wala chini ya nyaya za umeme. Ukizika chuma cha ethi, tafuta udongo wenye unyevu karibu na bomba au bustani. Mwamba mkavu wa volkano haukusaidii.

Kuhusu gharama: redio kama hii hula wati 50 hivi. Saa nne kila siku kwa mwezi ni uniti 6 za mita yako. Ukitumia sola, angalia inveta yako. Zile za bei ndogo hutoa umeme wenye kona kona, transfoma ya redio inanguruma na kupata joto. Inveta ya wimbi safi ndiyo inayofaa.

Utasikiliza nini?

Usitarajie kila kitu. Redio za miaka ya 1950 zenye FM aghalabu huishia megahezi 100, na stesheni zinazotangaza juu ya hapo hutazipata, hata kama mtangazaji yuko mtaa wa pili au ng'ambo ya mpaka, Goma. Zilizo chini ya 100 zitakushangaza. Sauti ya mtu kupitia spika kubwa na sanduku la mbao ina kifua.

Mawimbi mafupi yamepungua. Kituo cha Deutsche Welle kilichokuwa kilimani Kinyinya, Kigali, kikirusha matangazo Afrika nzima tangu miaka ya 1960, kilizimwa Machi 2015. Hata hivyo hewa si tupu. Mchana tafuta mita 19 na 25. Jua likizama, shuka mita 31 na 49. Ukisikia mngurumo usioisha, zima chaja za simu na balbu za LED moja baada ya nyingine. Mara nyingi adui yuko ndani ya nyumba.

Na simu yako je? Nyuma ya redio nyingi kuna matundu mawili yenye alama ya sahani ya santuri. Hayo yaliwekwa kwa ajili ya gramafoni, na yanapokea simu bila kutoboa kitu. Unganisha chaneli mbili za simu kwa rezista mbili za kiloomu 1, ziingie kwenye tundu moja, na waya wa chini kwenye la pili. Hili ni kwa redio za lampu za E zenye transfoma ya kuzitenga na umeme wa ukutani peke yake. Kwenye redio ya U utakuwa umeiunganisha simu, na sikio lako, na umeme wa ukutani. Fundi akikushauri atoe chasisi yote na kuweka kibao cha bluetooth, mwambie akuuzie spika ya bluetooth, redio akuachie.

Bahasha

Kazi ikiisha, chukua bahasha ngumu. Tia ndani kila kapasita uliyoitoa, kila rezista, kipande cha uzi wa zamani. Kwenye karatasi andika tarehe, lampu ulizozikuta na ulizobadilisha, volti ulizopima, na mahali ulipoacha kiteuzi cha umeme. Andika pia uliyoharibu. Ibandike ndani ya kibao cha nyuma, mbali na lampu.

Atakayeinunua baada yako, akiwa na akili, ataigeuza kwanza. Ya kwangu akiifungua atakuta, chini ya orodha ya kapasita, mstari mmoja: "Léopoldville, nimeifuta mimi, kwa maji ya sabuni." Atajua mshale ukisimama kwenye pengo lile, redio haijaharibika. Na atajua kioo asikioshe.